Pembe ya Ismaël

Siku ambayo Ismaël hakurudi, kuta za nyumba yake zilikuwa zimepita vimo vya milango, na baba yake alikuwa ameketi kivulini akinoa msumeno wa kukatia mbao za paa.

Ilikuwa miaka ya vita, na Kindu ilikuwa imefungwa pande zote. Treni haikuja, mashua hazikuja, na aliyetoka mjini kwenda shambani alitoka roho mkononi. Chumvi iliuzwa kwa kijiko. Lakini hata katika hali ile watu walioa na kuzaa. Ismaël alikuwa ameoa, mke wake Jacqueline alikuwa na mimba, na baba yake, Mzee Tambwe, alisema mjukuu wake hatazaliwa kwenye nyumba ya kupanga wakati ukoo mzima ni wa mafundi wa nyumba. Kwa hiyo walijenga, wakichoma matofali yao wenyewe kando ya mto, kidogo kidogo, kadiri kuni zilivyopatikana.

Kuni zilikuwa zimekwisha. Hata tanuru ya kwanza ilikuwa imekosa kuni za kutosha, ikatoa matofali yenye rangi nzuri nje lakini ndani bado ni udongo, na Tambwe alikuwa ameyapokea kwa kuguna tu, kwa sababu hakukuwa na mengine. Asubuhi hiyo Ismaël alichukua shoka na kamba ili avuke Lualaba kwenda upande wa Alunguli. Rachida, dada yake, msichana wa sekondari ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, alimsindikiza mpaka ukingoni.

"Usikawie, yaya," alimwambia kaka yake mkubwa. "Ukikawia, baba atanipigia kelele mimi."

"Mwambie nimekwenda kuoa mke wa pili."

"Nitamwambia Jacqueline, si baba."

"Ah, huyo usimwambie. Huyo ataogelea anifuate na mimba yake."

Akacheka, akapanda mtumbwi. Jioni mtumbwi ule ulirudi na watu wengine. Mwenye kasia alisema kwamba watu wenye bunduki walikuwa wamekusanya wanaume barabarani, wakawabebesha mizigo na kuwaingiza msituni. Hakusema ni wa kundi gani, wala hakuna aliyemwuliza. Wakati ule swali kama hilo lilimletea mtu matatizo. Tambwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaufunga msumeno wake ndani ya kitambaa, akauweka chini ya kitanda, na paa la nyumba ile likaishia hapo.

Mtu wa ukoo mwingine angeweza kulimalizia. Lakini watu wa Tambwe walikuwa na desturi yao.

Ilianzia kwa baba yake Tambwe, marehemu Assumani, aliyejifunza kazi ya matofali zamani za Wabelgiji, zilipokuwa zikijengwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Assumani aliwaachia watoto wake sheria moja ambayo hawakuijadili: nyumba ina mwenye pembe. Fundi anayeweka pembe ya kwanza, ile ambayo kamba zote zinafungwa kwayo, ndiye anayepanda juu siku ya mwisho kupiga msumari wa kofia ya paa. Hakuna mwingine. Akiwa mgonjwa, anangojewa. Akiwa safarini, anangojewa. Akifa, pembe yake inabomolewa mpaka kwenye msingi, tofali kwa tofali, na matofali hayo yanakwenda kuzungushwa kwenye kaburi lake. Ndipo mwingine anaweka pembe yake mpya na nyumba inaendelea. Assumani mwenyewe alipofariki akiwa na nyumba mkononi, Tambwe alibomoa pembe ya baba yake huku mwenye nyumba akilalamika kwamba ukuta ulikuwa mzima kabisa. Matofali yale bado yako makaburini, yameota majani.

Sasa pembe ya nyumba hii ilikuwa ya Ismaël. Hakuwa mgonjwa, na safari yake hakuna aliyeijua. Kuibomoa ilikuwa kusema kwamba amekufa. Hakuna aliyesema.

Mtoto alizaliwa katika nyumba ya zamani ya Tambwe, yenye paa la kuvuja. Jacqueline alimwita Bienfait. Vita vilipotulia na treni ya kwanza ikapiga honi kituoni, watu wakikimbilia relini kuigusa kama ng'ombe aliyepotea, Jacqueline naye alikimbia, akasimama pale mpaka behewa la mwisho likawa tupu. Baada ya miaka kadhaa Tambwe alimwita mbele ya wazee, akamwambia yuko huru, aolewe akitaka. Rachida alikasirika sana siku ile, hakula chakula cha mtu yeyote. Jacqueline aliolewa na mfanyabiashara wa Punia, akaenda naye, akamwachia Rachida mtoto.

Na Rachida hakuolewa. Si kwamba hawakuja. Walikuja, lakini kila mmoja alimkuta ana udongo mpaka kwenye viwiko. Tambwe alikuwa amebaki bila mwana wa kumrithisha kazi, akamfundisha binti. Mwanzoni watu walipita kwenye shantie, pale panapojengwa, kumwangalia mwanamke juu ya jukwaa. Baadaye walizoea, na mwishowe walimtafuta yeye. Ni yeye aliyeona kwamba mji unajaa watu wa kutoka nje wanaotaka nyumba zilizokwisha kujengwa, si mafundi. Akaanza kununua viwanja, kujenga na kuuza, au kupangisha. Upande wa Kasuku kuna mtaa mfupi ambao nusu ya nyumba zake zilipita mikononi mwake. Ofisini kwake, juu ya mlango, kumeandikwa: Tambwe na Wana, Ujenzi wa Nyumba.

Ile nyumba isiyo na paa ilisimama nyuma ya ofisi hiyo, kila mteja akiiona.

"Patroni," Barnabé alimwambia siku alipokuja kuchukua ufunguo wa nyumba yake. Barnabé alikuwa mtu wa Butembo, mwenye duka la vitenge na malori mawili mabovu, na mdomo wake haukuwa na breki. "Mi nakulipa unipatie paa, na yako we mwenyewe iko inaangalia mbingu. Mimi nitajua namna gani kama hii yangu haitafanya vile?"

"Yako ina mwenyewe," alisema Rachida.

"Na ile?"

"Ile pia."

"Basi mwambie aje, mvua inamuharibia!"

Alicheka peke yake. Hakujua, na Rachida hakumweleza. Alikuwa amechoka kueleza.

Kwa maana nyumba isiyo na paa ina kazi nyingi kuliko yenye paa. Kila kiangazi, kabla mvua hazijaanza, kuta zile zilihitaji kufunikwa juu. Rachida alichanganya udongo na saruji kidogo, akapanda ngazi, akaziba vichwa vya kuta, akapanga juu yake vipande vya mabati ya zamani na kuvikandamiza kwa mawe. Tambwe alisimama chini akimpa mawe. Miguu yake ilipokataa kusimama, alikaa kwenye kiti na kuelekeza kwa fimbo: pale, hapana, pale. Mvua zilipokwisha, walivitoa vipande vile, wakatengeneza palipoliwa. Mwaka uliofuata vilevile. Matofali mapya waliyoyaingiza katika kuta zile yangetosha kujenga nyumba nyingine. Waligusa kila mahali isipokuwa ile pembe. Pembe walifunika tu, na mabati yake hayakuondolewa.

Mama yao alifariki kazi hiyo ikiendelea. Bienfait alikua akiiona, akadhani utotoni kwamba kila familia ina nyumba yake ya kufunika.

Sasa Bienfait alikuwa mwanamume, fundi mzuri mwenye haraka, na alikuwa amempata Divine. Wazazi wake Divine hawakuwa hai. Aliyemlea ni shangazi yake, Mama Emerance, mwanamke wa upande wa Tunda mwenye mashamba ya mpunga na sauti ya kutosha mashamba hayo. Mama Emerance alikuja kuangalia mahali mwanawe atakapokaa. Rachida alimwonyesha nyumba ya zamani, chumba cha Bienfait, jiko, kisima. Mama Emerance aliangalia dari iliyochorwa ramani na maji ya miaka mingi.

"Na hii ya nyuma ni ya nani?"

"Ni ya baba yake Bienfait," alijibu Rachida.

"Yuko wapi?"

Rachida aliigeukia ile pembe.

"Mama, mimi sikatai mutoto wenu," alisema Mama Emerance, na mara hii aliteremsha sauti. "Mutoto ni muzuri. Lakini mimi siwezi kuleta binti wa marehemu kaka yangu alale chini ya maji, na nyumba iko pale inangoja muntu. Mufunike ile nyumba. Tutarudi mvua zikianza."

Alipoondoka, Bienfait hakungoja hata vumbi la pikipiki litulie.

"Shangazi, niache nibomoe ile pembe."

"Usirudie neno hilo."

"Ni pembe ya baba yangu. Mimi njo mutoto wake."

"Wewe hukumwona hata sura."

Lilimtoka kabla hajalipima. Bienfait alimwangalia kama mtu aliyepigwa na ubao.

"Njo vile," alisema polepole. "Sikumwona. Mulinipa ukuta. Tangu nizaliwe munanionyesha ukuta, munasema huyu njo baba. Shangazi, mimi nachoka. Wewe huchoki?"

"Babu yako anangoja," Rachida alisema. "Mimi peke yangu ningekuwa nimeshakubali zamani. Lakini mzee anangoja. Ukibomoa pembe ile akiwa hai, utamwua. Subiri kidogo."

"Nisubiri afe?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema," alisema Bienfait, akachukua shati lake akatoka.

Wiki iliyofuata mvua moja ya mapema ilikuja na upepo kutoka mtoni, kabla kuta hazijafunikwa. Asubuhi Rachida alikuta ukuta wa chumba cha nyuma umeinama, na kichwa chake kimekuwa uji. Alisimama pale, ngazi begani, kisha akaiegemeza. Aligundua kwamba hawezi kupanda. Hakuumwa. Aliweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, ukabaki hapo. Alifikiria kuchanganya udongo, kupanda, kuziba, kushuka, kuhamisha ngazi, kupanda. Na mwakani tena. Na Bienfait akiwa amehamia Tunda kwa wakwe zake kulima mpunga, na mwenye ngazi akiwa yeye tu. Aliiweka ngazi chini. Akaenda kwa baba yake.

Tambwe alikuwa amekaa kitandani akivaa kanzu, mkono mmoja umeingia, mwingine umepotea ndani ya kitambaa. Rachida alimsaidia. Alikuwa amepewa jina la mama yake Tambwe, na tangu mdogo mzee hakumwita kwa jina lingine ila mama.

"Mama, ukuta umeanguka?"

"Umeinama, baba."

"Nilisikia."

Rachida alikaa sakafuni. Alikuwa amejiandaa kusema kwa mzunguko, lakini maneno ya kuzungukia yalikuwa yamekwisha.

"Baba, ule ukuta hautapita mvua hizi. Bila paa utakwenda wote. Na Bienfait ataondoka. Najua unamngoja yaya. Najua. Lakini mimi sina nguvu tena ya kufunika. Nisamehe. Ukitaka nitatafuta vibarua wafunike kwa ajili yako, ila mimi..."

"Kwa ajili yangu?" alisema Tambwe.

"Ndiyo, baba."

Mzee aliangalia mikono yake mwenyewe.

"Mama, mimi Ismaël nilimzika siku ile ya mtumbwi. Mwenye kasia alipofunga mdomo, nilimzika. Hata hivyo nilisubiri kidogo, kama mtu yeyote, mwaka, miwili. Jacqueline nilimfungua kwa sababu gani? Unafungua mke wa mtu ambaye anarudi?"

Rachida aliinua kichwa.

"Lakini wewe ulikataa kula. Halafu kiangazi kilipofika ulichukua ngazi tena, ukapanda kufunika. Ulikuwa binti mdogo, umekonda hivi. Nikasema, huyu anangoja kaka yake. Nikimwambia tubomoe, nitamvunja. Acha nimpe mawe. Atachoka siku moja, atakuja mwenyewe kuniambia." Akaivuta kanzu magotini. "Hukuchoka, mama. Ulichelewa sana kuchoka."

"Mimi nilifunika kwa sababu yako," alisema Rachida. "Nilikuona umekaa unaangalia ile pembe. Nikasema, baba anangoja."

"Nilikuwa naangalia usianguke kwenye ngazi."

Nje mtu alipita akiuza mikate, akiita kwa sauti ya puani. Rachida alicheka, kicheko kikavu kisichofika mbali, na Tambwe naye mabega yakatikisika. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Miaka yote ile kila mmoja alikuwa amembebea mwenzake mzigo ambao mwenzake hakuwa nao.

Walibomoa siku ya Ijumaa baada ya sala. Kwa desturi anayebomoa ni wa damu, na ni lazima aanzie juu. Bienfait alimpokonya shangazi yake nyundo mara mbili, na mara mbili alirudishiwa jibu lilelile, kwamba anayeweka pembe mpya habomoi ya zamani. Basi alikaa chini kupokea. Tambwe aliletwa kwenye kiti chake. Mama Emerance, aliyekuwa amesikia, alituma kapu la wali na hakuja mwenyewe, na Rachida alimshukuru moyoni kwa kutokuja.

Rachida alitoa vipande vya mabati, akaondoa saruji ya juu, akafika kwenye kazi ya kaka yake. Alikuwa amejiandaa kwa tofali la kwanza. Alikuwa amewaza litakavyokuwa zito mkononi, jinsi atakavyoliteremsha bila kulikwaruza, jinsi watakavyoyapanga pembeni na kuyapeleka makaburini. Na kwa kuwa Ismaël hakuwa na kaburi, walikuwa wamekubaliana yawekwe kando ya la mama yake.

Alilivuta, likamwagika. Mkononi lilibaki ganda jekundu, na katikati ni udongo uleule wa mtoni, umelowana. La pili likawa hivyohivyo. La tatu liliangukia mikono ya Bienfait likawa tope. Yalikuwa matofali ya tanuru ile ya kwanza, iliyokosa kuni, na miaka yote ya kufunikwa ilikuwa imehifadhi rangi tu.

"Shuka, mama," alisema Tambwe.

"Bado kuna ya chini. Labda ya chini ni mazima."

"Sawa. Endelea."

Aliendelea. Alipiga magoti, akachimba kwa mwiko, halafu kwa vidole, akitafuta hata moja la kusimama. Bienfait alitaka kumwinua, mzee akamkataza kwa fimbo. Mpaka msingi hakupata hata moja. Palikuwa na rundo la udongo mwekundu, na mvua ingekuja ingelichukua lote mpaka mtoni.

Rachida alikaa juu ya msingi, magoti yamejaa matope, akalia. Hakuwa amelia siku ya mtumbwi wala kwenye mazishi ya mama yake. Alilia vibaya, kwa sauti, kama watu wanavyolia kwenye matanga, na majirani waliposikia walielewa ni matanga, wakaanza kuingia mmoja mmoja. Wanaume walimsalimia Tambwe kwa mikono miwili. Wanawake walivua viatu wakakaa chini na Rachida. Barnabé alikuja pia, mbio, amevaa kandambili zisizofanana. Alisimama pembeni, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno. Baadaye alikwenda dukani akaleta kitenge cheusi.

Hitima ilisomwa hapohapo uani, kati ya kuta zisizo na paa. Udongo wa pembe ulipakiwa kwenye magunia, na Bienfait akaumwaga kando ya kaburi la bibi yake, akausawazisha kwa kiganja. Huwezi kuzungushia kaburi udongo. Aliusawazisha tu.

Jumatatu Bienfait aliweka pembe yake. Matofali yalikuwa mazuri, yaliyoiva mpaka moyoni, ya tanuru ya kiangazi hicho. Rachida alimshikia kamba. Mara moja aliona kamba imelegea kidogo upande wa Bienfait, akafungua mdomo, akaufunga. Bienfait mwenyewe aliona, akaikaza. Ukuta ulioinama ulijengwa upya, mbao zikapandishwa kabla ya mvua kubwa, mabati yakafuata, na siku ya msumari wa mwisho Bienfait aliupiga ukapinda, akautoa, akapiga mwingine huku Divine akimzomea kutoka chini mbele ya watu.

Harusi ni baada ya Ramadhani. Mzee Tambwe hakuingoja. Alichagua chumba cha mbele cha nyumba mpya, kisichovuja, akahamia na kitanda chake. Rachida amebaki peke yake katika nyumba ya zamani.